UZI: Nani anasaini mafuta ya ambulensi? Historia ya bodi za afya za mashinani, tukianzia Garbatulla

1. Kampeni zikikaribia, mjadala wa afya huwa ule ule. Mmoja anasema, "Afya irudi serikali kuu, kaunti zimeshindwa." Mwingine anajibu, "Msiguse ugatuzi, leteni pesa." Watu wanapiga makofi, wanagawanyika, wanarudi nyumbani. Leo nauliza swali dogo ambalo pande zote mbili hulikwepa: pale kituoni kwenyewe, kamati ya wananchi iko wapi, na ina nguvu gani? Uzi ni mrefu. Chukua chai.

2. Tutumie Garbatulla kama mfano. Kwa wasiofika huko: ni Isiolo Kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Isiolo mjini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 99,730 kaunti ndogo ya Garbatulla, kati ya 268,002 wa kaunti nzima. Wengi ni Waborana wa Waso, wakiishi pamoja na Wasakuye, Wasomali, na wengine. Kinna, Kulamawe, Gafarsa, Malka Daka, Sericho, Modogashe: majina mengi, umbali mkubwa, vituo vichache.

3. Sasa fikiria hivi. Ni saa saba usiku, mama ameshikwa na uchungu kwenye kijiji cha mbali. Zahanati ina muuguzi mmoja, na ameshaona kwamba hii kazi imemzidi. Ambulensi ipo, dereva yupo. Tangi halina mafuta. Swali la siasa za juu ni nani mwenye makosa, Nairobi au kaunti. Swali la huyo mama ni jepesi zaidi: nani ana ruhusa ya kusaini lita 40 za dizeli usiku huu? Jibu limebadilika mara nyingi kwa miaka 100.

4. Tuanze mwanzo. Sheria ya afya ya umma tuliyo nayo mpaka leo, Sura ya 242, mizizi yake ni ya mwaka 1921. Ilizaliwa na hofu za mjini. Nairobi ilikuwa changa, na tauni ilikuwa imeshaipiga. Mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa sababu ya ugonjwa huo. Baadaye wataalamu wa kikoloni wakatumia neno "afya" kutetea kutenga makazi kwa rangi. Hivyo tangu mwanzo afya ya umma ilikuwa na sura mbili: kinga kwa wengine, fimbo kwa wengine.

5. Sheria hiyo iliweka bodi kuu ya afya juu, na chini yake mamlaka za maeneo zenye kazi ya kuzuia magonjwa, kuondoa uchafu, kukagua maji na vyakula. Huko ndiko alikotoka "bwana afya", yule afisa anayekuja kuangalia choo cha hoteli na kisima. Wazo la msingi lilikuwa zuri: ugonjwa huanzia mtaani, kwa hiyo anayeuzuia awe karibu. Shida ni kwamba "karibu" hiyo haikufika kila mahali.

6. Kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali, kisha ile ya 1934 ya wilaya maalum, zilimpa DC mamlaka makubwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Na ukitaka kujua serikali ile ilihofia ugonjwa gani, angalia Isiolo: ilijulikana kwa karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walizuiwa ili wasipeleke maradhi kwa ng'ombe wa walowezi nyanda za juu. Afya ya ng'ombe wa mzungu ilikuwa na mlinzi. Afya ya mchungaji ilisubiri.

7. Usinielewe vibaya. Sisemi hakukuwa na daktari hata mmoja. Nasema hakukuwa na chombo ambacho mtu wa Garbatulla angekaa ndani yake na kusema, "Dawa hii hatuna, kisima kile kina shida, tufanye hivi." Maamuzi yalikuja na gari la serikali na yaliondoka nalo. Shika hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena, mara hii likiwa limevaa nguo za uhuru.

8. Uhuru ukaja Desemba 1963. Katiba ya wakati huo ilitoa kazi nyingi kwa mabaraza ya maeneo: shule za msingi, barabara ndogo, zahanati na vituo vya afya. Kwingine nchini watu walianza kujifunza kuendesha mambo yao, wakikosea na kusahihisha. Kaskazini, tarehe 28 Desemba 1963, hata mwezi wa uhuru haujaisha, ikatangazwa hali ya hatari. Vita vya shifta vilikuwa vimeanza.

9. Kuanzia 1966 serikali ikawakusanya watu wa Isiolo kwenye kambi: Garbatulla, Merti, Modogashe. Watu ambao maisha yao yote yalikuwa kuhama kufuata majani na maji wakafungiwa sehemu moja pamoja na mifugo yao. Mifugo ikaisha: mingine iliuawa, mingine ilichukuliwa, mingine ilikufa kwa kukosa malisho. Ngamia karibu wote walipotea. Waborana wa Waso wana jina la kipindi hicho, Daaba: wakati uliposimama.

10. Iangalie kambi kwa macho ya bwana afya. Watu wengi, nafasi ndogo, maji kidogo, maziwa hayapo tena. Hata bila vita, hapo umeshapika maradhi. Sheria ya afya ya umma inasema mamlaka ya eneo lazima izuie hali kama hiyo. Lakini huku ni mamlaka yenyewe iliyoijenga. Ndiyo maana wazee wengi kaskazini, ukiwaambia "serikali inakuja na mpango wa afya," hukutazama kwanza kabla ya kujibu. Si ujinga. Ni kumbukumbu.

11. Vita viliisha rasmi baada ya makubaliano ya Arusha ya 1967. Mwaka 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa dhidi ya kesi za kipindi hicho. Sheria za hali ya hatari kaskazini zilibaki vitabuni hadi 1991. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "kaskazini hawakujitokeza kwenye vikao vya maendeleo," muulize: vikao gani hivyo, na chini ya sheria gani?

12. Kuna karatasi moja lazima tuitaje. Karatasi ya Kikao Nambari 10 ya 1965 ilisema pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye mvua, udongo mzuri, barabara na umeme. Kihesabu inaweza kusikika sawa. Kwa Garbatulla ilimaanisha: huna barabara, kwa hiyo hutapata barabara. Huna hospitali, kwa hiyo wauguzi hawatakuja. Umaskini wako ukawa ndio sababu ya kukunyima.

13. Mwaka huo huo, 1965, serikali ilifuta ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wa kutwa kwenye vituo vya umma. Matibabu bure! Hatua kubwa, tuipe sifa yake. Lakini bure ya kitu kilicho kilomita 80 si bure. Unalipa kwa miguu, kwa ngamia, kwa siku mbili za kuacha mifugo. Mjadala wa bei bila mjadala wa umbali ni mjadala wa watu wa mjini.

14. Halafu likaja pigo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Uhamisho wa Kazi ya 1969, iliyoanza kufanya kazi 1970, iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, barabara na afya. Manispaa kubwa chache tu ndizo zilizosazwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mabaraza yalikuwa yamefilisika na hayakusimamia vizuri. Kuna ukweli ndani yake. Ila dawa iliyoandikwa haikuwa kuyafundisha mabaraza. Ilikuwa kupeleka kila kitu Nairobi.

15. Kwa hiyo anayesema leo "afya irudi serikali kuu" anapaswa kujua kwamba tumeshakaa huko. Miaka 43, kuanzia 1970 hadi 2013. Hii ni historia, si nadharia. Miaka hiyo ilikuwa na mazuri yake: wauguzi walihamishwa kote nchini, mishahara ilitoka sehemu moja, chanjo zilienea. Lakini mwaka 2013 kaunti zilipopokea vituo, kaskazini haikupokea urithi sawa na ule wa kati ya nchi. Ile miaka 43 ndiyo iliyoandika hiyo tofauti.

16. Twende mwisho wa miaka ya 80. Pesa zimekauka, wakopeshaji wa nje wanadai mageuzi. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Matokeo yalionekana haraka. Kwenye kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi takriban 40% ya idadi ya kabla. Ugonjwa haukupungua, watu ndio waliopotea. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa kutwa ikasimamishwa, kisha ikarudishwa polepole.

17. Na hapa ndipo bodi inapozaliwa. Ukianza kukusanya pesa za wananchi, wananchi watauliza zinaenda wapi. Mwaka 1992 serikali ikachapisha kanuni za Bodi za Usimamizi wa Afya za Wilaya. Wajumbe kutoka jamii, na afisa wa afya wa wilaya akiwa katibu. Kazi yao ilikuwa kusimamia zile ada. Kanuni ilikuwa wazi: 75% ibaki kwenye kituo kilichokusanya, 25% iende kwenye kinga na huduma za msingi wilayani.

18. Hiyo 75 kwa 25 ni moja ya mawazo bora tuliyowahi kuwa nayo, na haitajwi kwenye mijadala. Maana yake: mgonjwa wa hospitali analipa, sehemu inatengeneza paa la wodi yake, sehemu inanunua mafuta ya timu ya chanjo inayokwenda vijijini. Tiba inalipia kinga. Na kuna watu wa eneo wanaokaa mezani kuhakikisha hesabu imefuatwa.

19. Lakini udhaifu wake je? Mmoja: wajumbe waliteuliwa na waziri na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Hawakuchaguliwa na watu, kwa hiyo waliwajibika juu, si chini. Wa pili: bodi ilikaa makao makuu ya wilaya. Wakati huo Garbatulla ilikuwa sehemu ya wilaya ya Isiolo, kwa hiyo bodi "ya karibu" ilikuwa safari ya siku nzima. Wa tatu: bodi ya ada hupata nguvu mahali penye ada. Wilaya ya wafugaji maskini inakusanya nini?

20. Huo udhaifu wa tatu ndio mkubwa. Bodi ya mji wenye wagonjwa wenye mshahara ina bajeti. Bodi ya eneo ambalo utajiri wake unatembea kwa miguu minne, na ukame unaufyeka, ina daftari tupu. Ukiwapa watu wote mamlaka sawa juu ya mapato yasiyo sawa, hujawapa mamlaka sawa. Hii sentensi ikumbuke kila ukisikia mtu akisema "kila kituo kijitegemee."

21. Mwaka 2004 ada za vituo vidogo zikashushwa: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya. Nafuu kwa mgonjwa, pengo kwa kituo. Hizo ada ndogo ndizo zilizolipa mtu wa kufagia, mlinzi, mafuta ya taa. Basi 2005 huko Pwani likafanyika jaribio: badala ya pesa kupita wilayani, zipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya wananchi ikae na muuguzi kupanga matumizi.

22. Jaribio likafaulu vya kutosha hadi likawa mpango wa nchi. Mwaka 2010 ukaanza Mfuko wa Huduma za Sekta ya Afya. Zahanati ilipata shilingi 27,500 kila miezi 3, kituo cha afya 112,000. Pesa ndogo, najua. Lakini uliza muuguzi yeyote wa mashinani nini maana ya 27,500 ambazo hazihitaji barua ya kuomba. Ni sabuni, gesi ya jokofu la chanjo, posho ya mlinzi, nauli ya kwenda kuchukua dawa. Na ni dizeli.

23. Na muhimu zaidi: kamati haikuwa wilayani, ilikuwa kituoni. Wajumbe ni watu wa eneo hilo, wanawake wakiwemo. Muuguzi ndiye katibu. Hesabu zinabandikwa ukutani watu waone. Kamati nyingi zilikuwa dhaifu, hilo tusifiche. Wengine hawakupata mafunzo, wengine hawakujua kiasi kilichoingia. Lakini mtoto aliyeanza kutembea huanguka. Humkati miguu kwa sababu ameanguka.

24. Kisha 2013. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilishazipa kaunti vituo vya afya, ambulensi na huduma za msingi. Katiba iliruhusu uhamisho wa hatua kwa hatua kwa hadi miaka 3. Kwa afya, kazi karibu yote ilihamishwa mwaka huo huo. Mwezi Juni 2013 pia ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua kwenye vituo vya umma kukawa bure. Habari njema mbili kubwa kwa mpigo mmoja. Ndani yake kulikuwa na tundu.

25. Tundu lilikuwa hili. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inataka mapato ya kaunti yaingie kwenye mfuko mmoja wa kaunti. Kaunti nyingi zikaisoma kwamba hata pesa za hospitali ziingie huko. Hospitali inakusanya, pesa zinapanda makao makuu, halafu hospitali inaandika barua kuomba pesa ilizokusanya yenyewe. Na fidia ya ada zilizofutwa ikapitia kaunti, mara inafika kituoni, mara haifiki.

26. Watafiti waliofuatilia hospitali za Pwani baada ya 2013 walieleza jambo la kushangaza: ndani ya ugatuzi, madaraka yalikuwa yamerudishwa kati. Kabla, daktari mkuu wa hospitali na bodi yake waliweza kununua kitu kwa pesa zao. Baada ya kugatua, hawakuweza. Yaani madaraka yalitoka Nairobi, yakasimama makao makuu ya kaunti, yakakataa kwenda mbele. Kwa mtu wa Sericho, kama ni Nairobi au ni Isiolo, bado ni mbali.

27. Hapa ndipo ule mjadala wa kampeni unapotuhadaa. Tunapigania mwenye kalamu awe nani kati ya wakubwa wawili, kumbe kalamu haikufika mahali ilipotakiwa. Wa serikali kuu akishinda, muuguzi anaandika barua Nairobi. Wa kaunti akishinda, anaandika barua kaunti. Tangi ni lile lile. Mama ni yule yule.

28. Mfano wa nini hutokea bila sauti ya chini: mpango wa kukodi vifaa vya hospitali wa 2015. Hospitali mbili kila kaunti zipewe mashine za kisasa. Kila kaunti ikakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Seneti ilipochunguza, ilikuta baadhi ya mashine zimekaa bila kazi: hakuna umeme wa kutosha, hakuna maji, hakuna mtaalamu. Kamati yoyote ya kituo, hata ya watu wasiojua kusoma, ingekuambia siku ya kwanza: "Hapa hatuna maji."

29. Oktoba 2023 bunge likapitisha sheria nne za afya kwa pamoja. Tatu zinazungumzwa kidogo; ya nne, ya bima ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, imemeza mjadala wote. Kwa uzi huu muhimu zaidi ni ile ya ufadhili wa kuboresha vituo. Inasema pesa zinazokusanywa na kituo cha umma zibaki kituoni na zitumike hapo, ziwe nyongeza ya bajeti na si badala yake. Na kamati irudi kwenye kazi yake. Ni wazo la 1992, safari hii likiwa sheria kamili.

30. Lakini lile onyo la daftari tupu halijaondoka. Tangu Oktoba 2024 kituo kinapata pesa kupitia SHA kwa kutibu watu waliosajiliwa. Mfugaji ambaye hana mshahara wala kitambulisho karibu, na anayehama, akikosa kusajiliwa, kituo chake kinakosa pesa. Kwa hiyo sheria nzuri inaweza tena kuzilisha zahanati zilizoshiba. Ndiyo maana kuna Mfuko wa Usawazishaji kwenye Katiba, kifungu cha 204, kwa maji, barabara, afya na umeme. Isiolo ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Ufuatilieni huo mfuko kwa ukali ule ule mnaofuatilia uchaguzi.

31. Nasikia majibu tayari. "Kamati hizi ni za wapambe." Kweli, zingine ziko hivyo. Mheshimiwa anashinda, kamati inajaa waliompigia kampeni. Lakini tiba yake ni uchaguzi wa wazi kwenye baraza, muda maalum wa kutumikia, na hesabu ukutani. Kufuta kamati hakuondoi upambe; kunauhamisha tu mahali ambapo huwezi kuuona.

32. "Wafugaji wanahama, watasimamia vipi kamati?" Hili swali huulizwa na watu wasiowajua Waborana. Kwenye kisima cha Waborana kuna aba herega, mwenye kusimamia zamu ya kunywesha. Mifugo ya nani leo, ya nani kesho, nani hajafanya kazi ya kuchimbua, nani ni mgeni apewe maji kwanza. Malisho nayo yana wazee wa dedha. Huo ni usimamizi wa mali ya umma, kwenye mazingira magumu kuliko ofisi yoyote. Jamii inayoweza kugawa maji wakati wa kiangazi inaweza kugawa 27,500.

33. Ila tuwe wakweli pia: vikao vya jadi mara nyingi ni vya wanaume, na wanaokuja zahanati zaidi ni akina mama na watoto. Kwa hiyo kamati ya afya haiwezi kunakili kikao cha kisima moja kwa moja. Ichukue nidhamu yake: mtu anajulikana, zamu inaonekana, anayekiuka anaitwa mbele ya wenzake. Halafu iongeze wanaokosekana. Mama aliyejifungulia njiani ana cha kusema kuhusu ambulensi kuliko sisi wote.

34. Tusisahau pia kwamba afya ya umma si wodi tu. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwisho wa 2006 kaskazini mashariki baada ya mafuriko, ilianza na mifugo kuharibu mimba na kufa, kisha watu. Mchungaji aliona dalili kabla ya daktari. Kamati yenye mfugaji, bwana afya na mtu wa mifugo kwenye meza moja ingekuwa kengele. Bodi ya mbali husubiri ripoti. Ya karibu husikia kilio.

35. Basi ufanye nini? Baraza lijalo, iwe Garbatulla, Kinna, au popote ulipo, uliza maswali matatu. Moja: wajumbe wa kamati ya kituo hiki ni nani na walichaguliwa lini? Mbili: robo mwaka iliyopita ziliingia shilingi ngapi, na kutoka wapi? Tatu: usiku wa dharura, nani anasaini mafuta? Usitukane mtu. Uliza tu, halafu nyamaza usubiri jibu.

36. Ukinyimwa jibu, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Barua ya mkono inatosha. Weka nakala. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko kelele zote tunazopiga humu.

37. Na mgombea akija kuomba kura, akikuambia atarudisha afya Nairobi au ataitetea ibaki kaunti, mwache amalize. Kisha mrudishe kwenye ile saa saba ya usiku. Mama ana uchungu, gari lipo, tangi tupu. "Mheshimiwa, kwa mpango wako, nani hapa kijijini ana ruhusa ya kusaini?" Akitaja mtu anayelala kilomita 100 kutoka hapo, umeshapata jibu. Mwisho wa uzi. Mwenye kuongeza au kusahihisha, karibu hapa chini.